Buluu inapukutika kwenye mchoro wa Kimughal: shida ni gundi?

kalamu_ya_kindi: Wakuu, naomba msaada. Nanakili ukurasa wa Akbarnama (kitabu cha picha cha Kimughal kuhusu mfalme Akbar wa India) kwa mbinu za zamani: karatasi nne zilizobandikwa pamoja, rangi za mawe, gundi ya mgunga. Nikiulaza mchoro kifudifudi juu ya marumaru na kuusugua mgongoni kwa jiwe la akiki, nyekundu inatulia, lakini buluu inabaki kwenye marumaru kama vumbi. Karatasi nayo imejikunja pembeni. Niongeze gundi kwenye rangi zote?

Zingefuri: Usiongeze kote, mkuu. Buluu ya lapisi lazuli, lile jiwe la buluu, lazima ibaki na chembe kubwa, maana ukiisaga mno inapauka na kuwa ya kijivu. Chembe kubwa zinadai gundi zaidi kuliko nyekundu yako. Ichanganye peke yake ndani ya kombe, ongeza gundi tone kwa tone, kisha paka kwenye kipande cha karatasi ileile. Ikikauka kabisa pitisha kidole: kikitoka na buluu, gundi haijatosha, rangi ikimeta au ikipasuka nyufa, umezidisha. Paka tabaka nyembamba mbili au tatu, kila moja ikauke kabla ya kusugua. Dhahabu iache iwe ya mwisho. Yenyewe husuguliwa kwa mbele.

Mbandika_Karatasi: Kujikunja kunatokana na ubandikaji. Uji wa unga wa ngano uwe mwepesi, uchujwe, utiwe mrututu kidogo kuzuia wadudu (ni sumu, tenga chombo chake). Nyuzi za karatasi zote zielekee upande mmoja, toa hewa kuanzia katikati, kisha kandamiza kati ya mbao mbili mpaka unyevu uishe. Usiianike juani: upande mmoja ukitangulia kukauka, unavuta mwingine.

kalamu_ya_kindi: Asanteni sana. Kijani je? Nina kutu ya shaba.

Zingefuri: Hiyo iogope. Inakula karatasi polepole. Kuna miswada ambayo mistari ya fremu iliyopakwa kijani hicho imekata ukurasa hadi sehemu ya maandishi ikadondoka. Tumia malakaiti (jiwe la kijani), na uitendee kama buluu: chembe kubwa, gundi ya kutosha.

Mbandika_Karatasi: Nyongeza kwa anayetaka kufuata Hamzanama (kitabu cha Kimughal cha visa vya Hamza) badala ya Akbarnama: ile ilichorwa juu ya kitambaa cha pamba, kurasa zikikaribia sentimita 68 kwa 52. Kitambaa hunyumbuka, na kila mkunjo unang'oa rangi. Ukichagua njia hiyo, kibandike kwanza juu ya karatasi, na kazi ikiisha usiiviringishe kamwe.