Naomba ushauri: Huruma kwa Francesca imenikwamisha katika Jahanamu ya Dante

Binti_Fasihi

Assalaam alaykum na habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi linganishi, na muhula huu tunasoma sehemu ya kwanza ya utungo mkuu wa Dante Alighieri, ile inayosimulia safari ya kushuka Jahanamu. Swali la insha yangu ni hili: je, mshairi anakubaliana na adhabu anazozieleza? Nilipofika kanto (yaani sura ya utungo) ya 5, ambapo Francesca da Rimini anasimulia jinsi yeye na shemeji yake Paolo walivyotekwa na mapenzi wakisoma pamoja kisa cha Lancelot, shujaa wa hadithi za kale za mapenzi, nilimwonea huruma mno, na Dante mwenyewe anazimia kwa huruma hiyohiyo. Ikiwa ni yeye aliyemweka Francesca humo, analia nini? Tena majina ya watu wa Florence, mji wa Dante huko Italia, yananichosha, maana kila ukurasa una wageni wapya. Na mimi ni Mwislamu. Nimekwisha kuambiwa yaliyomo katika kanto ya 28, nami naikaribia kwa moyo mzito. Ninayo tafsiri ya Kiingereza ya nathari yenye maelezo machache tu. Naombeni mnielekeze namna ya kusoma.

KalamuYaZamani

Dada, umegusa penyewe. Ndani ya utungo huu wamo Dante wawili, na msomaji asiyewatenganisha hufika mwisho akiwa amechanganyikiwa. Yupo msafiri, mtu wa miaka 35 aliyepotea msituni katika juma la Pasaka la mwaka 1300, ambaye anaogopa, anauliza, analia na kukosea. Na yupo mtunzi, aliyeandika miaka kadhaa baadaye akiwa uhamishoni, baada ya kundi lake la kisiasa, Waguelfi Weupe, kushindwa na mji wake kumhukumu, mwaka 1302, achomwe moto iwapo atakamatwa. Anayezimia ni msafiri. Aliyepanga azimie ni mtunzi.

Sasa rudi kwa Francesca umsome taratibu. Anaanza tungo tatu mfululizo kwa kuyataja Mapenzi kana kwamba ni mtu: Mapenzi yalimshika Paolo, Mapenzi yakanishika mimi, Mapenzi yakatufikisha kwenye kifo kimoja. Kisha anakilaumu kitabu na yule aliyekiandika. Katika maneno yote hayo matamu hakuna mahali anapokiri kuwa alichagua jambo lolote, na Paolo yuko kando yake akilia bila kutamka neno hata moja. Utazame na upepo unaowapeperusha: waliojiachia kuchukuliwa na tamaa duniani sasa wanachukuliwa na tufani isiyotulia. Adhabu yao ni hali ileile waliyoipenda, ikiwa imevuliwa utamu wake.

Baada ya hapo fuatilia huruma ya msafiri anavyoshuka. Katika kanto ya 20 anawalilia wapiga ramli, ambao vichwa vyao vimegeuzwa vikatazama mgongoni, na Virgil, kiongozi wake, anamkemea waziwazi. Katika kanto ya 33, kwenye barafu ya wasaliti, anamkuta mtawa Alberigo, aliyewaalika jamaa zake karamuni akawaua. Msafiri anampa matumaini ya kumwondolea barafu machoni, kisha anakataa, na kusema kwamba kumtendea vibaya mtu huyo ndiko kumtendea kwa adabu. Kati ya kuzimia kule na kukataa huku umo mwili mzima wa insha yako.

MkeshaWaKurasa

Namheshimu mwalimu, na mgawanyo wake wa msafiri na mtunzi ni wa lazima, ila naona amemaliza kesi ya Francesca mapema mno. Mtunzi aliyetaka tu kumhukumu asingempa mistari mizuri kuliko yote katika kanto ile. Kumbuka pia kwamba Guido Novello da Polenta, aliyempokea Dante huko Ravenna alikofariki mwaka 1321, alikuwa mpwa wa Francesca. Mwanamke huyu hakuwa mfano wa kubuni, alikuwa na ndugu na kumbukumbu. Ningekushauri uuache mvutano huo wazi, kwa sababu haupo katika kanto hiyo peke yake. Katika kanto ya 26, Ulysses, shujaa wa masimulizi ya Kigiriki, anaongea kutoka ndani ya mwali wa moto, akieleza jinsi alivyowaambia mabaharia wake kwamba hawakuumbwa kuishi kama wanyama, bali kufuata wema na maarifa. Nani asiyesisimka? Lakini kwa maneno hayohayo aliwapeleka wazee wenzake nje ya mipaka ya bahari iliyojulikana, wakazama wote, naye sasa yumo miongoni mwa waliotumia akili zao kupotosha.

Kuhusu majina, usiyabebe yote. Fahamu ugomvi wa Waguelfi, waliokuwa upande wa Papa, na Waghibellini, waliokuwa upande wa Kaizari, mfahamu Papa Boniface VIII, ambaye Dante alimwona kuwa chanzo kikubwa cha maafa yake, kisha wengine wasome kwa yale wanayoyasema wenyewe. Na tafadhali tafuta sauti ya mtu anayeisoma kwa Kiitaliano, hata kama huelewi. Mistari huenda mitatumitatu, na kina cha mstari wa kati huwa ndicho kina cha mstari wa kwanza na wa tatu katika fungu linalofuata, kwa hiyo hakuna fungu linalosimama peke yake. Tafsiri ya nathari inakunyima hilo kabisa, na sisi tuliozoea kusikiliza tenzi, ambazo kina cha bahari, yaani kina cha mwisho wa ubeti, hutembea ubeti hadi ubeti, tunayo masikio ya kulipokea.

IbnKitabu

Wa alaykum salaam dada yangu. Kanto ya 28 inaumiza, na sioni sababu ya kuilainisha. Dante anamweka Mtume Muhammad (s.a.w.) pamoja na Ali kati ya wapandaji wa mafarakano, kwa kuwa Wakristo wengi wa Ulaya ya enzi yake waliuhesabu Uislamu kuwa ni mpasuko uliotoka katika dini yao. Lieleze hilo kama lilivyo, taja kuwa ni kosa na ni uadui wa zama zile, na usijione kuwa unalazimika kumtetea mshairi. Lakini isome sambamba na kanto ya 4, ambako Ibn Sina na Ibn Rushd wamekaa na wanafalsafa wa Ugiriki mahali pasipo mateso, isipokuwa shauku isiyo na tumaini, na Salahuddin amesimama kando peke yake.

Jambo jingine: mwaka 1919 mwanazuoni Mhispania, Miguel Asín Palacios, alidai kuwa mpangilio wa safari ya Dante unafanana mno na simulizi za Miiraji. Mwaka 1949 kilichapishwa kitabu cha Miiraji ambacho kilikuwa kimefasiriwa kutoka Kiarabu katika baraza la Mfalme Alfonso X wa Kastilia, huko Hispania, karne ya 13, na hivyo ikaonekana kuwa simulizi hizo ziliweza kusomwa Ulaya kabla Dante hajaanza kuandika. Iwapo zilimfikia yeye mwenyewe, wataalamu wanabishana hadi leo.

Binti_Fasihi

Nawashukuru sana nyote. Nimeamua kuifuata huruma ya msafiri. Je, niziguse kanto zote 34?

KalamuYaZamani

La, utazigusa juujuu. Chukua ya 5, ya 20 na ya 33, na kwa hoja ya mwenzangu, ambayo naikubali, ongeza ya 13. Humo msafiri anavunja kijiti, na mti unatoa damu na maneno kwa pamoja, kwa kuwa ndani yake imo roho ya Pier della Vigna, waziri wa Mfalme Frederick II aliyejiua baada ya kusingiziwa. Msafiri anashikwa na huruma hata anashindwa kuuliza, anamwomba Virgil aulize kwa niaba yake, na safari hii Virgil hamkemei. Insha yako ieleze kwa nini huruma ya hapa inavumiliwa na ile ya kanto ya 20 inakaripiwa.