The Hobbit au The Lord of the Rings: ipi imekitendea kitabu haki?

Mwalimu_Kondele: Hamjambo wanajukwaa. Nina vijana wanane hapa Kisumu, tumemaliza kusoma The Hobbit, sasa wanadai muvi. Projekta nimeazima kanisani, Jumamosi moja tu. Niwawekee The Hobbit au niruke hadi The Lord of the Rings? Vitabu vyote ni vya Tolkien, filamu zote za Peter Jackson. Nataka wabishane kuhusu kitabu, si kushangilia panga.

MamaVitabu: Mwalimu, The Hobbit ni kitabu kimoja cha watoto, cha 1937. Wakakitoa filamu tatu, 2012 hadi 2014, karibu saa nane. Uji wa kikombe umetiwa maji ya sufuria. Chukua pale vibeti, wale watu wafupi wenye ndevu, wanapotoroka gerezani mtoni kwa mapipa. Kitabuni vibeti wanafungiwa ndani kwa vifuniko, Bilbo, yule hobiti mdogo shujaa wa hadithi, kang'ang'ania juu, kavaa pete ya uchawi haonekani, analoa hadi mafua yanamshika. Ukisoma unasikia baridi. Kwenye filamu mapipa yako wazi, maorki, wale maadui wa kutisha, wanarusha mishale, vibeti wanarushiana mashoka. Gemu tupu! Na yule Tauriel, mwanamke shujaa wa kielfu, hayumo kitabuni hata mstari mmoja.

Mvuvi_Dunga: Ya mapipa nakubali, mama, lakini mbona umeliruka pango? Bilbo na Gollum, kile kiumbe cha pangoni, wakitegeana vitendawili gizani, pale filamu imetulia kabisa. Sisi tumelelewa na "kitendawili, tega". Ukishindwa unampa mwenzako mji, anakufumbulia. Gollum hataki mji, anataka nyama ya Bilbo! Halafu Bilbo anauliza kilichomo mfukoni mwake. Hicho nacho ni kitendawili? Wape vijana hilo swali uone kama watalala.

Fundi58: Niko Nakuru. Wanaoisifu The Lord of the Rings wengi hawakufika mwisho wa kitabu. Filamu yake ya tatu, ya 2003, ilipata Oscar 11, sawa. Lakini kitabuni wale hobiti wanarudi nyumbani wakakuta Saruman, yule mchawi mwovu, ameshaingia: miti imekatwa, watu wamefungwa, bia hakuna. Inabidi wapigane tena, safari hii kwao wenyewe. Jackson kalifuta lote; wanarudi, baa iko vilevile, wanakunywa. Aliyeona msitu wa Mau ukikatwa hawezi kulisamehe hilo. Afadhali Tauriel kumi.

MamaVitabu: Fundi, filamu tatu za The Lord of the Rings tayari zinapita saa tisa, wangeliweka wapi? Hata Tom Bombadil, yule mzee wa msituni wa kitabuni, kaachwa na sikulia. Chumvi ikipungua naongeza mezani. Ikizidi nifanyeje?

Fundi58: Hiyo si chumvi, mama. Ni nyama imetolewa sufuriani.

Mwalimu_Kondele: Haya, nimeamua. Nitaonyesha pango, kisha mapipa, kila mtu na kitabu mkononi. Fundi, hiyo sura ya miti nitawasomea mwenyewe wakinywa chai. Stima isipotee tu.

Mvuvi_Dunga: Ikipotea, tegeaneni vitendawili.