Tupeane uzoefu: Uliambiwa uandae taarifa ya gesijoto ya taasisi ya umma, ulikwama wapi?

Mchapakazi wa Halmashauri
Wakuu, habari za jioni. Leo mwenzangu wa idara ya mipango kaletewa barua: hesabu ya gesijoto (hewa zinazopasha dunia joto) ambazo ofisi imetoa mwaka mzima, mezani kwa mkurugenzi Ijumaa. Nimemwona alivyokaa kimya nikakumbuka yaliyonikuta.

Mimi dizeli ndiyo ilinitesa. Kanuni yenyewe nyepesi, lita moja ikiungua inatoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Sasa hizo lita ziko wapi? Uhasibu wana shilingi tu. Mmoja akasema gawa kwa bei ya lita. Bei ipi, wakati EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, wanatangaza mpya kila mwezi? Nikahamia kwenye vocha za mafuta, nyingi hazina namba ya gari. Logi buku zimejaa "safari ya kikazi" bila kilomita. Jenereta ndiyo balaa, inajazwa kwa madumu na dumu likishatoka stoo hakuna anayeandika. Ofisi isiyojua jenereta yake imekula lita ngapi itamwahidi nini mwananchi? Linaniuma mpaka leo.

Boharia Mstaafu
Kweli tupu. Leja ya stoo kwanza, mhasibu baadaye.

Binti Moro
Kwetu ugomvi ulikuwa magari ya DFP, yale ya miradi ya wafadhili. Niliyaingiza, bosi akayatoa.

Mzee wa Mafaili
Bosi alikuwa sahihi. Gari ni la mradi.

Binti Moro
Shikamoo mzee, lakini hapo sikubali. Dereva wetu, safari zetu, ratiba tunapanga sisi. Mkichagua kuhesabu shughuli mnazoziendesha, basi SM (magari ya halmashauri) na DFP yote yanaingia. Huwezi kubadili mpaka wa hesabu kila mwaka ili namba ipendeze.

Mzee wa Mafaili
Marahaba. Na mradi nao wakiyahesabu?

Afya Mazingira
Nyie mnagombana na magari, ngoja niwape ya hospitali moja ya mkoa, jina nalihifadhi. Tulishamaliza dizeli, umeme na tanuri la kuchomea taka. Fundi wa viyoyozi akaja "kuongeza gesi" chumba cha upasuaji, kama kawaida yake. Nikamuuliza mitungi mitupu inaenda wapi. Akanipeleka nyuma ya karakana. Imepangwa mpaka dirishani, ile ya pinki ya R-410A, gesi ya viyoyozi, kilo 11.3 kila mmoja ukiwa umejaa.

Kilo moja ya gesi hiyo inapasha dunia joto sawa na takriban tani 2 za hewa ukaa. Mtungi mmoja ukivuja wote ni sawa na kuunguza zaidi ya lita 8,000 za dizeli! Na gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika. Ikipungua, imevuja. Kumbe bajeti ilikuwa na kifungu cha kununua gesi, cha kubadilisha bomba hakuna. Madaktari wanapasua huku jasho linawatiririka, gesi inapotelea hewani, na kwenye rasimu yetu ya taarifa palikuwa na sifuri.

Kijana wa Kibaha
Taja hospitali!

Afya Mazingira
Sitaji. Nenda kaangalie nyuma ya karakana yenu.

Fundi Baridi
Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu mfukuzeni. Jaza naitrojeni, paka povu la sabuni kwenye maungio, utaliona tu linapopumua.

Boharia Mstaafu
Ukimfukuza ndo atakuja nani, mkuu? Mnyime mtungi mpya mpaka arudishe wa zamani, upimwe kwenye mizani.

Mwalimu wa Bweni
Jamani na kuni? Shule yetu imeacha kuni, tumehamia gesi ya mitungi baada ya lile agizo la taasisi zenye watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa, Januari 2024. Taarifa ikaonyesha tumepanda! Nilikaribia kulia.

Kijana wa Kibaha
Kuni si sifuri? Miti inaota tena.

Binti Moro
Si sifuri. Hewa ukaa ya kuni inaandikwa pembeni, nje ya jumla, lakini methani na naitrasi oksaidi, gesijoto nyingine zinazotoka kuni zikiungua, zinaingia ndani. Na msitu uliokatwa usiote unahesabiwa upande wa ardhi. Mwalimu, weka mistari yote miwili, kuni za zamani na gesi ya sasa, bodi ione. Msikubali shule iliyotii ionekane ndiyo mchafuzi.

Mwalimu wa Bweni
Asante sana dada. Umeme je? Nichukue risiti za LUKU, umeme wa kulipia kabla?

Mzee wa Mafaili
Risiti zinatosha.

Mchapakazi wa Halmashauri
Hazitoshi, mzee. Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, kila idara inanunua yuniti nyingi fungu lisirudi, zinatumika mpaka Septemba. Na kigezo cha gridi (hewa ukaa kwa kila yuniti ya umeme) usichukue cha zamani, Bwawa la Nyerere lilianza kuingiza umeme wa maji Februari 2024.

Boharia Mstaafu
Soma mita tarehe 1 Julai asubuhi, piga na picha.