Je, joto la mchanga ndilo linaloamua kobe wa mtoni awe dume au jike?

Mwalimu wa Kidato cha Nne:
Ndugu zangu, juzi nilipokuwa nikifundisha kromosomu X na Y, mwanafunzi mmoja aliniuliza iwapo ni kweli kwamba kobe wa mtoni hupata jinsia yake yai likiwa limekwisha kutagwa. Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Naomba mwenye ujuzi anieleze.

Mpenda Viumbe:
Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza jambo la kweli. Mwaka 1979 James Bull na Richard Vogt walichapisha matokeo ya utafiti wao juu ya kobe wa jenasi ya Graptemys, ambao hutaga kando ya mto Mississippi nchini Marekani: mayai yaliyowekwa kwenye nyuzijoto 25 za Selsiasi yalitoa madume, na yale ya nyuzi 31 yakatoa majike. Kinachoamua ni joto la theluthi ya kati ya muda wa yai kukua, kwa kuwa joto kali wakati huo huongeza kimeng'enya cha aromatasi, ambacho hugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, na tezi changa ya uzazi ikawa ovari badala ya korodani. Joto la siku za mwisho halitengui tena uamuzi huo.

Juma wa Mtoni:
Naongeza tu kwamba si kobe wote walio hivyo. Wale wa gamba laini wa jenasi ya Apalone huamuliwa na kromosomu, kama sisi.

Mlinzi wa Viota:
Mimi hulinda viota vya kasa hapa pwani, na kasa naye hufuata kanuni hiyo. Tunapohamisha mayai yasifikiwe na maji ya bamvua, hunitia wasiwasi nikiona mwenzangu akiyafukia chini ya mivinje kwa sababu tu hapo ni rahisi kuchimba. Saa nane mchana mchanga wa juu huchoma nyayo, lakini ukizamisha mkono hadi kiwiko unakuta vuguvugu, na kivulini ni baridi kabisa. Huko Amazon, kobe mkubwa Podocnemis expansa hutaga mayai yapatayo 100 kwenye mafungu ya mchanga mto unapopungua, na mayai hayo nayo huhamishwa yasizame mto unapojaa. Anayeyahamisha akibadili kina cha shimo au akichagua kivuli, huenda amebadili idadi ya majike watakaorudi kutaga.

Mwalimu wa Kidato cha Nne:
Ahsanteni sana. Wiki ijayo tutafukia vipimajoto viwili kwenye mchanga, kimoja juani na kingine chini ya mwembe wa shule, kwa kina kimoja, na wanafunzi watasoma vipimo asubuhi, mchana na jioni.