Naombeni ushauri: Master Sword ya Breath of the Wild, nihamishe stamina au nikomae na mahekalu?

Msafiri wa Hyrule:
Habari za muda huu wakuu. Nacheza The Legend of Zelda: Breath of the Wild kwenye Switch, na kwa sasa akili yangu yote iko kwenye Master Sword, ule upanga maarufu wa gemu hili. Msitu wa Lost Woods nimeshaupita. Nimesimama mbele ya ule upanga uliochomekwa kwenye jiwe, mti wa Deku ukanionya, nikaushika. Waliocheza wanajua kinachofuata: Link, mhusika wako, anavuta, mwili unatetemeka, na mioyo (uhai wake) inaanza kufyonzwa mmoja baada ya mwingine. Nikaachia kabla haijaisha.

Hali yangu ni hii: mioyo 8, Divine Beast (zile mashine kubwa zenye umbo la wanyama) mbili nimeshazikomboa, ya kabila la Zora na ya kabila la Rito, na stamina, yaani pumzi ya kupanda na kukimbia, ni duara mbili kamili, maana napenda sana kupanda milima. Nasikia kuna sanamu inayobadilisha stamina kuwa mioyo. Nipite njia hiyo, au nitafute mioyo kihalali? Nataka niingie Hyrule Castle, ngome ya adui wa mwisho, nikiwa na upanga huo mkononi.

DadaPedi:
Mkuu, upanga unadai mioyo 13 ya kudumu. Ile ya njano inayotokana na chakula haihesabiwi kabisa, hata ule durian mpaka ushibe. Na usipoachia kwa wakati, unakufa kweli.

Sasa sikiliza, hesabu yako imekaa vizuri ajabu. Duara la kwanza la stamina unaanza nalo, la pili ni nyongeza 5. Ukizibadilisha zote, 8 inakuwa 13. Nenda kijiji cha Hateno, kuna sanamu yenye pembe. Inanunua kila nyongeza kwa Rupee 100 (pesa za gemu), halafu inakuuzia moyo kwa 120. Unapoteza 20 kila mara, jumla 100 tu. Ukishautoa upanga unarudi kununua stamina yako. Upanga unabaki wako, huulizwi mioyo tena.

Kobe Mzee:
Dada hesabu zake ni sahihi, lakini mimi namshauri kijana asipite huko. Waliotengeneza gemu hawakuweka 13 kwa bahati mbaya. Kila moyo unapatikana kwa Spirit Orb 4, zawadi za kumaliza mahekalu ya mafumbo, na kila Orb ni hekalu ulilolitafuta mwenyewe, juu ya mlima au nyuma ya maporomoko. Mpaka ufikishe 13 unakuwa umeshaijua Hyrule, unajua kukwepa, unajua kupika. Pale upanga unapofyonza mioyo mpaka unaona sasa nakufa, kisha jiwe linaachia, unajua huo ushindi umeutolea jasho. Sitaki mdogo wangu aukose huo wakati kwa Rupee 100.

Na amebakiza kidogo. Divine Beast mbili zilizobaki zinampa moyo mmoja mmoja, anafika 10. Mitatu iliyobaki ni mahekalu 12. Gemu nzima yapo 120.

Nahodha wa Ziwa:
Jamani msimpoteze, asiguse stamina! Upanga unadai duara mbili za stamina, mioyo haina kazi. Mimi nimeupata hivyo hivyo.

DadaPedi:
Nahodha, hiyo ni Tears of the Kingdom ya 2023. Kule ni stamina kweli, na upanga uko mahali pengine kabisa, sitasema wapi kwa heshima ya ambao hawajafika. Yeye anacheza ile ya 2017.

Nahodha wa Ziwa:
Sawa dada, nimekuelewa.

Chui wa Mnara:
Kuhusu mahekalu: panda juu ya mnara wowote ulioufungua, toa darubini, zunguka taratibu. Hekalu ambalo hujaligusa linawaka rangi ya chungwa, ulilomaliza ni bluu tupu. Kila la chungwa liwekee alama hapo hapo, kisha ruka na paraglider, lile tanga la kuelea angani. Usiku yanaonekana vizuri zaidi. Nikianza hivi, ramani inajaa alama kabla sijashuka.

Ukipita Hateno, lile hekalu la pale kijijini lina ubao wa njia za kupotea unaouzungusha kwa kuinamisha pedi, uongoze mpira mpaka nje. Watu wanalichukia. Geuza pedi juu chini kabisa: ubao nao unageuka, na upande wa nyuma ni bapa, hauna kuta. Mpira ukidondokea hapo, unausukuma mpaka nje bila kuhangaika.

Divine Beast, anza na ya Goron. Kule Death Mountain unawaka moto ukiwa unatembea, kwa hiyo pata dawa ya kuzuia moto kwanza, kisha nunua vazi lao Goron City. Ya Gerudo iache mwisho, yule adui wa umeme ana kasi ya kutisha.

Msafiri wa Hyrule:
Asanteni sana. Mzee Kobe amenigusa, naanza na Goron, kisha mahekalu. Stamina yangu siigusi. Swali la mwisho: ukishaupata, unavunjika kama silaha nyingine?

DadaPedi:
Hauvunjiki, unaishiwa nguvu. Unasubiri dakika 10 unarudi. Nguvu yake ni 30 kwa kawaida, lakini mbele ya Guardian (zile mashine za vita) na ndani ya Divine Beast unawaka bluu na kupanda hadi 60. Kwa hiyo usiutumie kukatia miti wala kupasulia mawe, nguvu inaisha bure. Beba shoka kwa kazi hizo. Na siku ya kuuvuta hakikisha mioyo yote 13 imejaa, kula kwanza ndipo uushike.

Kobe Mzee:
Ukifanikiwa rudi hapa utuambie, tunasubiri.