Kisima kinanuka petroli, naomba ushauri

Asalaam aleikum wenzangu. Kisima chetu hapa Malindi kimeanza kunuka petroli. Jirani ana tangi kuukuu chini ya ardhi, limetoboka. Tumeacha kunywa maji ya kisima, hata kuoshea vyombo. (Mama asema tuchemshe tu. Ule mvuke nani atauvuta?) Nimesoma kuwa bakteria walioko ardhini hula petroli, mradi wapate oksijeni ya kutosha, ndiyo maana watu hupuliza hewa chini ya maji na kuongeza nitrojeni na fosforasi kama mbolea ya bakteria hao. Lakini kwetu ni mwamba wa matumbawe: hewa si itapotelea kwenye nyufa? Na Shirika la Afya Duniani linaruhusu benzini (sumu iliyomo ndani ya petroli) mikrogramu 10 tu kwa lita ya maji ya kunywa. Aliyewahi kusafisha kisima hivi, baada ya kung'oa tangi alianzia wapi?