Jeki za alumini badala ya mirunda: nani kazitumia?

Mjenzi wa Kibada: Wakuu, namwaga slabu ya ghorofa ya kwanza, unene sentimita 15. Mara ya mwisho nilitumia mirunda, zile nguzo za miti za kushikilia mbao za kumwagia zege. Usiku mvua ikapiga, mmoja ukazama kwenye tope, asubuhi slabu ina kitambi. Sasa kuna jamaa ananikodisha jeki za alumini, zile nguzo za kurefusha na kufupisha, bei imenitoa jasho. Zinazidi nini za chuma?

Nondo16: Uzito, mkuu. Alumini ni kama theluthi ya chuma, vijana wanapandisha juu bila kununa. Ila tope ni tope: hata jeki ya dhahabu itazama usipoweka ubao mpana chini. Hiyo slabu ni kama kilo 375 kila mita ya mraba, zege tu, bado watu na toroli.

Mjenzi wa Kibada: Ubao niliweka... kipande cha marine bodi, kama kiganja. Nacheka sasa.

Fundi Mstaafu: Kijana, kagua kabla hujalipa. Ukiona jeki imechomelewa kienyeji, irudishe. Alumini ikipata moto inalegea palepale. Zege likiidondokea ioshwe mapema, saruji mbichi inaila. Halafu uliza kama ina kichwa cha kushuka. Kinateremsha mbao, unazivua mapema, jeki zinabaki zimesimama chini ya slabu, mbao unahamishia chumba kingine. Hela yako inarudi hapo, siyo kwenye wepesi.

Mjenzi wa Kibada: Shikamoo mzee. Kesho naenda stoo kwake na tochi.

Fundi Mstaafu: Marahaba. Na pini zake uzihesabu.